Programu ikifia ndani ya malloc, tafuta muuaji kwingine

Mkuu, umesema programu yako ya C inasoma kwa `scanf` idadi ya wanafunzi `n` (kwako 40) na alama zao, halafu ikifika kwenye `malloc` (amri ya kuomba memori) ya jina la shule inakufa na `malloc(): corrupted top size`. Ukitia `printf` moja kabla ya kitanzi, inapona. Achana na hiyo `malloc` ya pili. Yenyewe imekuta maiti tu, haikuua.

Tazama ile ya kwanza: `int *alama = malloc(n);`. Umeomba baiti 40, ilhali `int` moja kwenye mashine yako ni baiti 4, kwa hiyo ulihitaji 160. Kwenye Linux ya biti 64, glibc (maktaba ya C inayogawa memori) huandika ukubwa wa kila kipande cha memori katika baiti 8 zinazotangulia pointa (anwani ya memori) unayopewa. Kipande chako kinaishia `alama[9]`. `alama[10]` na `alama[11]` zinaandikwa juu ya ukubwa wa kipande kinachofuata, ambacho kwako ni memori yote ambayo bado haijagawiwa. Mwanafunzi wa 11 akipata 67 na wa 12 akipata 54, glibc inasoma kwamba imebakiwa na baiti zaidi ya bilioni 200! Wala haigundui hapo hapo. Inagundua pale unaporudi kuomba tena.

Na hiyo `printf`? Ikiitwa mara ya kwanza, nayo huomba memori ya kuwekea maandishi yanayosubiri kwenda kwenye skrini. Ukiiweka kati ya `malloc` na kitanzi, memori hiyo inakaa ubavuni mwa alama zako na ndiyo inayopokea kipigo. Kosa liko palepale. Chapisha alama zote, na usishangae ukiona namba za ajabu kuanzia mwanafunzi wa 13: alama hizo zimelala mle mle `printf` inamoandika.

Wengi watakuambia ufungue gdb, kifaa cha kufuatilia programu inavyoendeshwa. Itakuonyesha inapofia, na hilo unalijua tayari. Mimi huanza hivi, kwa swichi `-fsanitize=address` inayokagua matumizi ya memori:

`gcc -g -fsanitize=address alama.c -o alama`

Endesha tena. Itasimama pale pale kwenye uandishi haramu wa kwanza na kusema `heap-buffer-overflow`. Shuka hadi penye jina la faili lako, utapata namba ya mstari. Chini zaidi itataja `40-byte region` na mstari ulioiomba. Hiyo 40 peke yake inatosha kukufumbua macho. Kama unatumia MinGW (gcc ya Windows), swichi hiyo huenda ikakugomea, hamia WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Valgrind, kikaguzi kingine cha memori, nayo itakamata kosa hili bila kukompaili upya, ila ni nzito zaidi, na usiiendeshe juu ya programu yenye hiyo swichi.

Rekebisha iwe `malloc(n * sizeof *alama)`.

Ukimaliza, kagua na majina. Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa stoo uliokuwa unaanguka kwa baadhi ya wateja tu. Ulikuwa na `malloc(strlen(s))`, yaani idadi ya herufi za jina, bila `+ 1` ya baiti ya sifuri inayofunga jina. glibc hukata memori kwa hatua za baiti 16, zikiwemo zile 8 za ukubwa, kwa hiyo ile baiti ya mwisho ya sifuri hupata nafasi ya bure, isipokuwa jina likiwa na herufi 24, 40, 56 na kuendelea. Ukijaribu kwa "Juma" na "Asha" hulioni hata siku moja.