Kaka, rangi unazitoa wapi?

Tangu niposti picha za programu ya simu niliyowasanifia wauza dagaa wa Kibirizi, swali ni hilohilo. Nimezitoa kwenye kitenge, jamani. Vile vinavyovuka ziwa kutoka Kongo na kuuzwa hapa Kigoma mjini.

Nilikitandaza kivulini, nikakipiga picha, nikaiingiza Figma, ile programu ya kusanifu mionekano, na kuchovya rangi moja moja: bluu iliyokolea, krimu, na chungwa ya mawese mabichi. Kisha nikagawa kwa ule uwiano wa wasanifu wa asilimia 60, 30 na 10: rangi ya msingi, ya pili, na ya kuvuta macho. Krimu ikatandikwa kioo kizima, bluu ikashika vichwa na menyu, chungwa nikaiachia kitufe cha "Weka oda" peke yake. Ikizagaa kila mahali, haimwiti mtu tena.

Yuko bosi mmoja wa Dar, simtaji, aliyewahi kuniambia mbele ya watu kwamba kazi zangu zina ushamba. Juzi naona kalaiki. Haya, asante.

Lakini uzuri wa ofisini si uzuri wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa. Maandishi meupe juu ya chungwa yalipendeza kwenye kompyuta. Saa saba mchana, mama mmoja mnunuzi akaikinga simu kwa pindo la kanga, akakunja uso: "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Papo hapo nikaweka kahawia iliyokolea. Kiwango cha WCAG, yaani miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zisomeke na watu wote, kinataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na nyeupe juu ya chungwa ile haifiki hata 3. Vitufe navyo: Google wanashauri visipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye kioo cha simu) kila upande, kama milimita 9 hivi. Kwa vidole vyenye maji na magamba, mimi naongeza.

Kabla hujamwonyesha mteja, geuza kioo chote kiwe cheusi na cheupe. Kitufe kikuu kisipojitokeza, rangi zinakudanganya.

Vijana wenzangu, kutwa mnakopi violezo vya Ulaya halafu mnalalamika kazi zenu zinafanana! Aliye Tabora ana asali, ana majani ya tumbaku yaliyokauka, ana maembe barabarani. Anangoja nini? Tokeni nje na simu zenu, mpige picha.

Na faili langu la Figma msiniombe, sitoi.