Sanda ya bibi: tuandae nini?

SWALI: Shikamoo. Bibi yetu wa Pangani, aliyetulea wajukuu wote, anatuhimiza tujifunze kuosha maiti na kukafini. Msiba uliopita bafta, kitambaa cheupe cha sanda, ilipungua. Tununue kiasi gani? Na kumbukumbu zake tuzisimulie lini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mola amzidishie umri.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kufunika kichwa, na shuka mbili za kumzungushia. Bafta hupungua kwa sababu watu hupima kimo peke yake. Shuka mbili za nje zizidi kimo kwa nusu mita hivi, ndipo zifungike kichwani na miguuni, na upana utoshe kupishana kifuani. Ikiwa bafta ni nyembamba, shoneni mbili pamoja. Kamba chaneni kwenye pindo lake.

Waoshaji wawe wanawake wachache waaminifu, mwili usitiriwe muda wote. Anzeni kwa kumwinua kidogo na kulipapasa tumbo taratibu. Hatua hii ikirukwa, uchafu hutoka sanda ikiwa tayari. Kisha maji ya majani ya mkunazi, mara tatu au tano, josho la mwisho litiwe karafuu maiti (kafuri) kidogo. Nywele zisukwe mikia mitatu.

Waliloliona chumbani libaki humo. Mema yake yasimulieni wakati wa tanzia na hitima, lakini yaandikeni sasa, naye akiwapo kuwasahihisha. Muulizeni pia madeni yake: hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa.