Lori Likikwama Mbeya: Maswali na Majibu

Shehena nyingi inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita Mbeya kabla ya kufika Tunduma, na ile ya Malawi huacha barabara kuu Uyole na kushuka Tukuyu hadi Kasumulu. Maswali ya leo yanahusu matengenezo ya kando ya barabara hiyo.

Tela langu lilikamata breki nikiwa mlimani, na fundi aliyeletwa na bodaboda alitaka kufungua busta, yaani kopo la upepo linaloendesha breki ya gurudumu, palepale. Je, nimruhusu?

Usimruhusu. Ndani ya busta ya breki ya nyuma mna springi kubwa ambayo upepo huibana ili breki ziachie, na upepo ukivuja springi hujitanua na kukamata magurudumu. Mtu akiifungua busta hiyo bila kuibana springi kwanza, kifuniko huruka kwa nguvu inayoweza kumuua.

Kinachofaa kufanywa hapo ni kutafuta panapovuja, kwa kusikiliza na kwa kupaka maji ya sabuni kwenye mipira ya upepo na maungio, kwani mara nyingi kosa ni mpira uliosuguliwa na chesisi. Ikiwa ni busta yenyewe iliyoharibika, fundi aibane springi kwa bolti yake maalumu, ambayo kwa kawaida huchomekwa ubavuni mwa busta, kisha aing'oe nzima na kufunga nyingine. Kabla ya hapo azuie magurudumu kwa vigingi, kwa sababu springi ikishabanwa gurudumu hilo halina tena breki ya kuegesha. Wengi hutumia mawe, nami siwalaumu; ninaowalaumu ni wale wanaoondoka na kuyaacha juu ya lami, mwendesha pikipiki akayakuta usiku.

Injini yangu huchemsha nikipanda kutoka Igurusi na mzigo kamili, ila Dar es Salaam hadi Morogoro hainisumbui. Mafundi wawili wamesema ni gasketi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

Huenda wana haki, lakini usikubali kufumua injini kabla ya kukagua vitu vya bei nafuu. Kutoka tambarare za Usangu unapanda kwa gia ndogo na mwendo wa pole, kwa hiyo rejeta hutegemea feni peke yake. Tena Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mfuniko wa rejeta usioshika presha, ambao Morogoro hukuvumilia, huku hukuumbua. Anza na mfuniko huo, mkanda wa feni, na vumbi lililoziba matundu ya rejeta, injini ikiwa imepoa. Ukiona mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta injini ikiunguruma, au oili imegeuka rangi ya maziwa, hapo mazungumzo ya gasketi yana msingi.

Mimi ni mwenye lori, niko Dar es Salaam. Nitajuaje kwamba fedha ya spea ninayoombwa usiku ni ya kweli?

Omba picha ya kifaa kilichoharibika kikiwa bado kimefungwa kwenye gari, lipa duka moja kwa moja kwa simu na kudai risiti, na uagize kifaa cha zamani kirudishwe. Baada ya hapo amua haraka. Dereva na utingo wake wanalinda mzigo gizani kwenye baridi ya Mbeya, na kubishana saa tatu juu ya bei ya mpira wa upepo ni kuwaonea.

Lori likikwama, je, matawi ya miti hayatoshi badala ya pembetatu za tahadhari?

Hayatoshi, kwa kuwa hayaakisi mwanga, na ukungu wa milima yetu huyafunika kabisa. Weka pembetatu mbele na nyuma, na ikiwa umekwama kwenye kona, ile ya nyuma ikae kabla ya kona, mahali ambapo anayekuja bado ana nafasi ya kusimama.