Yai la nguruwe, kisahani na ganda la karanga

*Hayo mayai ya nguruwe mnayoyakomaza maabara mnayatoa wapi? Mnampasua jike?*

Hapana, tunayafuata machinjioni. Kitimoto kikienda buchani, ovari ambazo zingetupwa hubebwa kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Vifuko vya mayai vilivyo juu yake, vya milimita 3 hadi 6, hufyonzwa kwa sindano. Chini ya hadubini, yai zuri ni jeusijeusi kwa wingi wa mafuta, na limevikwa tabaka kadhaa za seli ndogo. Lililo uchi tunaliacha.

*Mnajuaje kwamba limekomaa?*

Hukaa kwenye kisahani cha maabara saa 42 hadi 44, kwa joto la nyuzi 38.5 hivi, nusu ya kwanza likiwa na homoni. Likikomaa hutoa kijipunje pembeni. Wengi hudanganyika hapo: kiini kimeiva, ute unaokizunguka bado. Kwenye kisahani oksijeni ni nyingi kuliko mwilini, na chembe zake haribifu hulichosha yai lenye akiba ndogo ya glutathioni, kinga yake ya ndani.

*Nimesikia dawa yake ni karanga. Kweli?*

Ni resveratroli, iliyomo kwenye lile ganda jekundu jembamba la karanga na kwenye ngozi ya zabibu. Watafiti wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2012: kwa kipimo kidogo cha maikromola 2, mayai yaliyotoa kijipunje hayakuongezeka, lakini glutathioni ilipanda na viinitete vingi zaidi vilifika hatua ya blastosisti, yaani kitufe cha seli kilicho tayari kujipandikiza kwenye mji wa mimba. Mimi naona hilo ndilo jibu la maana, japo anayehesabu vijipunje tu atasema haikufanya kitu. Kipimo kikubwa hudhuru. Na kichupa chake hufungwa foili, maana mwanga huibadili umbo.

*Kwa nini mhangaike, na dume yupo?*

Kwa mfugaji, dume anatosha. Haya ni ya wanaotengeneza nguruwe waliorekebishwa jeni: yai lililokomaa hutolewa kiini, likawekewa seli iliyorekebishwa. Januari 2022 huko Baltimore, Marekani, mgonjwa wa moyo David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe aliyerekebishwa jeni, akaishi miezi miwili.

*Basi nimlishe jike wangu karanga azae zaidi?*

Usijisumbue. Utumbo na ini huivunja sehemu kubwa kabla haijafika kwenye ovari. Kisahani hakina ini. Tena karanga wanazopewa nguruwe mara nyingi ni zile zilizokataliwa sokoni, zenye ukungu. Hizo utamlisha sumukuvu.