Cherehani iliyoshika kutu Mombasa: ogopa chumvi kwanza

Ukizunguka Kongowea, au ukiingia nyumba za Mji wa Kale siku watu wanapohama, huzikosi: cherehani nyeusi za Singer zimeegeshwa ukutani, gurudumu haligeuki, bamba la sindano limekuwa rangi ya tofali. Nyingi huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na jambo hilo huniuma. Chuma chake ni kizito na kizuri, na mara nyingi kinachohitajika ni siku chache za subira barazani. Nawaandikia nyinyi mlioanza juzi, kwa sababu nawaona mnapita palepale nilipojikwaa.

Ya kwanza niliyoifufua ilikuwa ya marehemu nyanya yangu, aliyeshona kanzu na kupinda leso za mtaa mzima. Nilivua bamba na vipande vidogo, nikavilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikavisugua, vikang'aa. Nikavisuuza kwa maji ya kisima chetu, nikavianika. Baada ya alfajiri ya siku iliyofuata vilikuwa na unga wa rangi ya chungwa juu yake. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya tatu alipita mzee mmoja fundi wa injini za boti, akachovya kidole kwenye ndoo yangu, akaonja. Akaniambia, "Mwanangu, unaiosha kwa bahari."

Hilo ndilo nataka mlishike kabla ya jingine lolote. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na upepo wenyewe unabeba chumvi. Chumvi ikijificha ndani ya vishimo vya kutu huvuta unyevu wa hewa, na chuma huendelea kuliwa chini kwa chini hata kama juu kinang'aa. Kwa hivyo suuza kwa maji ya mvua, au yale maji safi yaliyoondolewa chumvi ya kuongezea betri za gari. Hakikisha si asidi, maana huuzwa pamoja. Yachemshe kwanza. Chuma kikitoka kwenye maji moto hukauka chenyewe haraka, nawe unakipaka mafuta kingali na joto, wala hukiachi hata kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kama ulitumia siki, maji ya kwanza ya kusuuzia yatie kijiko cha baking soda ili ukali uishe.

Siki nayo ina mipaka. Ni ya vipande vidogo vya chuma kitupu. Kilichopakwa nikeli usikilaze humo, ngozi yake itabanduka. Springi usizitie kabisa: asidi huweza kukifanya chuma cha springi kiwe chepesi kuvunjika, na utaigundua siku inakatika ukiwa katikati ya mshono. Springi zifute kwa mafuta ya taa na kitambaa, inatosha.

Sasa rangi. Kosa hili nililifanya kwenye mashine ya pili na bado linanichoma. Yale maua ya dhahabu kwenye mkono wa cherehani yamefunikwa kwa vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha. Nilichovya kitambaa kwenye spiriti nikitaka kutoa uchafu mweusi, nikapitisha mara mbili, dhahabu ikaja na kitambaa. Hairudi. Usitumie spiriti, thina, wala dawa za kusafishia zenye amonia. Tumia mafuta ya cherehani na fulana kuukuu ya pamba, sugua taratibu, badilisha upande wa kitambaa kila kinapochafuka. Itakuchukua jioni nzima.

Gurudumu likikataa kugeuka, msilishike kwa nguvu. Wengi hudhani ni kutu, kumbe ni mafuta. Mtu aliishiwa mafuta ya cherehani akatia ya kupikia au ya nazi, yakaganda yakawa kama gundi. Tia mafuta ya taa tone kwa tone katika kila tundu na kila kiungo, mbali na jiko na sigara, uache hadi kesho. Kesho pasha kiungo kwa draya ya nywele, mafuta ya taa yakishakauka, kisha tikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo. Angalia pia chini, kwenye chombo kinachozunguka bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini: nimewahi kutoa humo kipande cha uzi kirefu kama mkono, na mashine iliyodaiwa kufa ikazunguka palepale. Ikishalegea, tia mafuta halisi ya cherehani, kwa kuwa mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi.

Skurubu zake zina mdomo mwembamba. Bisibisi ya kawaida huteleza na kuula. Chukua bisibisi ya bei nafuu uipige tupa hadi ijae mdomo wa skurubu sawasawa. Hii ni kazi ya dakika kumi ambayo itakuokoa mwaka mzima. Piga picha kwa simu kabla ya kila kipande unachofungua. Na usichohitaji kukifungua, kiache.

Kwenye bamba na fimbo ya sindano, tumia stiliwuli laini kabisa, ile ya 0000, pamoja na mafuta. Ile ya kusugulia sufuria hapana. Msasa usiufikishe popote uzi au kitambaa kinapopita. Mkwaruzo usiouona kwa jicho utakata uzi kila hatua tatu, nawe utalaumu uzi. Miguu ya chuma ya meza ni habari nyingine: hapo brashi ya waya, miwani machoni, redi oksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi nyeusi ya mafuta. Mimi husubiri Januari au Februari, kaskazi ikiwa imekausha hewa. Rangi niliyopaka wakati wa masika ilivimba ndani ya miezi michache.

Kabla ya kununua kitu chochote, jua umeshika nini. Herufi K katika namba ya aina, kama 15K, 66K au 99K, maana yake ilitengenezwa Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank huko Scotland na kufungwa mwaka 1980. Sindano si shida, zote tatu hutumia ile ile ya cherehani za nyumbani za leo. Bobini ndizo hutofautiana: ya 15 haikai kwenye 66, hata zikionekana ndugu. Sindano nayo ina upande. Katika aina ya 15 ubapa wake hutazama kushoto na uzi hupita kutoka kulia. Katika 66 ni kinyume. Nimeletewa mashine mbili zilizofunguliwa zote vipande vipande, zikasemwa hazishiki mshono, na tatizo lilikuwa sindano iliyogeuzwa.

Ikishashona, usiifunike kwa nailoni, itatoka jasho ndani. Ifunike kwa kitambaa cha pamba, iweke mbali na dirisha linaloelekea baharini, na uizungushe kila wiki hata kama huna cha kushona. Ukishatia mafuta jioni, weka kipande cha kitambaa chini ya mguu wake, ushushe mguu, uiache hadi asubuhi, ili matone yanayoshuka usiku yaishie hapo na si kwenye kanzu nyeupe ya mteja.