Kutoa watoto mialoni Geita: msianze na madaftari

Mkuu umesema wewe na wenzako wawili mmechanga laki tisa mnataka kusaidia watoto wanaoponda mawe ya dhahabu huku Geita, na mnafikiria muanze na madaftari na sare. Mimi nimefundisha shule ya msingi iliyopakana na mialo, yaani sehemu za kuponda na kuosha mawe ya dhahabu, kwa miaka kadhaa, ngoja nikuambie ninavyojua, itakuwa ndefu vumilia.

Elimu bure ipo tangu 2016 mpaka form four, na tangu 2022 mpaka form six, sasa mbona mtoto saa nne asubuhi yuko mwaloni? Ni kwamba ile buku mbili au tatu anayopata ina kazi yake nyumbani. Kabla hamjanunua chochote muulize kila kaya, hela ya huyu mtoto inanunua nini? Wengine watasema unga, wengine kodi ya chumba, nilikuwa na binti wa darasa la tano yeye hela yake ndo ilikuwa inanunua dawa za presha za bibi yake. Sasa ukimpa madaftari kumi, bibi atameza madaftari?

Na mkichukua mtoto mmoja mkaiacha nyumba kama ilivyo, nafasi yake inajazwa na mdogo wake. Hii nimeiona, wafadhili wanakuja, mmoja anapigwa picha na begi jipya, baada ya muda mfupi yule wa darasa la pili ndo yuko na mama yake wanaosha marudio, yaani ule mchanga uliokwishaoshwa.

Kwa ambao hawajafika: mawe yanatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimba, yakiwa kwenye viroba, yanapondwa kwa nyundo, yanaenda kwenye mashine ya karasha yanasagwa unga, unaoshwa, halafu unachanganywa na zebaki kwenye karai ndo dhahabu ishikane. Watoto wako kwenye kuponda, kuchota maji na hapo kwenye karai, mikono mitupu. Kile kidonge kinachopatikana kinachomwa kwenye jiko la mkaa zebaki ipae ibaki dhahabu, mara nyingi nyumbani kabisa na kichanga kimelala pembeni. Ule mvuke unaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, watoto ndo wanaumia zaidi, ila hauna harufu wala hauwashi kwahiyo ukiwaambia wanakuona unawaletea siasa.

Sheria ipo wala sio ngeni. Ya ajira ya 2004 inasema chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa na chini ya 18 haruhusiwi mgodini. Ila msako ukija mwenye mwalo anawafukuza siku mbili tatu, wanahamia mwalo wa pili au wanaponda usiku, ambako ni kubaya zaidi hasa kwa mabinti.

Halafu kuna kitu watu wa mjini hawakijui, familia nyingi pale ni wageni, wamefuata rashi, yaani dhahabu ikisikika imetoka watu wanakimbilia, kutoka mikoa mingine na dhahabu ikikata wanahama tena. Kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kaya zinatajwa kwenye mkutano wa kijiji, sasa wewe umefika juzi na turubai lako nani atakutaja? Kwahiyo maskini kuliko wote ndo hayumo kwenye orodha. Mkiweza kumbembeleza mtendaji na mwenyekiti wa kitongoji wawatambue hao tu, mtakuwa mmefanya kazi kubwa na haina gharama.

Kuhusu mtaji wa akina mama, hapa muwe makini sana. Kila mtu atawashauri wapike chakula wauzie wachimbaji maana wateja wapo wengi. Ni kweli wapo, ila wanakula kwa mkopo wakisubiri mzigo upite karasha, na mzigo ukitoka patupu mama kafilisika, na mtoto ndo anarudishwa kuponda kufidia deni. Waliofanikiwa niliowaona mimi ni waliouza kwa keshi, vitu vidogo vidogo kama maandazi ya asubuhi, sabuni, mafuta ya kupima, na wako kwenye kikundi cha hisa ambacho kinawabana waweke kila wiki.

Mtoto wa miaka 11 aliyeacha shule darasa la kwanza msimrudishe akae na wa miaka saba, atatoroka kwa aibu. Ulizeni kama shule ina darasa la MEMKWA, lipo kwa ajili ya hao walioikosa elimu ya msingi. Wa 15 au 16 aliyezoea kushika hela yake ni ngumu zaidi sikudanganyi, hao nimeona wanatulia kwa fundi pikipiki au cherehani, mradi kuna mtu anamlipia chakula miezi ya mwanzo wakati hajaanza kuingiza chochote.

Laki tisa mimi ningefanya hivi: kaya tatu tu sio thelathini, kila moja laki mbili ya mtaji kupitia kikundi sio mkononi. Laki mbili iende kwenye uji wa shule, maana mtoto akijua saa nne kuna uji hatoki kwenda kutafuta kitu cha kula mwaloni, ila mnunue mahindi na sukari wenyewe mkabidhi kwa kamati ya shule na risiti. Laki iliyobaki mfiche kwa ajili ya ugonjwa, kwasababu mama akiugua malaria wiki moja tu utamkuta mtoto karudi kwenye nyundo.

Kama mnakuja nistue pm mapema, barabara kipindi cha mvua ni mtihani.