Uliza Ujibiwe: Kubeti kwa simu Malaysia, na kazi za kamari Kambodia

Kutoka Wete, Pemba: Asalaam aleikum. Mwanangu anaanza chuo Kuala Lumpur. Wenziwe waliotangulia wanamwambia kubeti kwa simu kule hakuna tabu, mradi tovuti iwe na leseni, na kwamba hata kasino ipo wazi kabisa. Ni kweli?

Waaleikum salaam, mama. Kasino halali ipo moja tu, Genting Highlands, na Muislamu haruhusiwi kuingia. Asiye Muislamu lazima awe ametimiza miaka 21. Yapo pia maduka ya bahati nasibu ya namba, kama Magnum na Sports Toto, na mbio za farasi. Kwa kasino ya mtandaoni au kubeti mpira mtandaoni, Malaysia haina leseni inayotoa. Ile nembo inayooneshwa chini ya ukurasa aghlabu ni ya Curaçao au kisiwa kingine cha mbali, na mbele ya hakimu wa Malaysia haina uzito wowote. Tume ya mawasiliano ya huko huzifunga tovuti hizi. Kuzifungua kwa VPN, yaani programu ya kuficha uliko, hakubadilishi kosa.

Wenziwe watamwambia pia kuwa kuna mwanya. Maneno hayo yana asili yake: Sheria ya Kubeti na Sheria ya Nyumba za Kamari zote ni za 1953, kwa hiyo intaneti hazikuitaja. Lakini polisi na waendesha mashitaka wanazitumia hivyo hivyo. Anayekutwa akicheza ndani ya nyumba ya kamari hutozwa faini isiyozidi ringiti 5,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mpokea dau ni ringiti 20,000 hadi 200,000, na kifungo cha hadi miaka 5 juu yake. Kikali zaidi ni kifungu cha 4B cha Sheria ya Nyumba za Kamari, kilichowekwa kwa ajili ya mashine za kamari na ambacho siku hizi hushitakiwa nacho hata wenye simu na kompyuta: ringiti 10,000 hadi 100,000 kwa kila mashine, pamoja na jela ya hadi miaka 5. Mwanafunzi anayewawekea wenziwe mikeka kwa kamisheni ndogo hujiona mchezaji tu. Akikamatwa na simu mbili mezani, anaweza kuhesabiwa wakala.

Kwa Muislamu iko sheria ya pili. Kuala Lumpur, Putrajaya na Labuan zinafuata sheria ya makosa ya jinai ya Kiislamu ya 1997, ambayo kifungu chake cha 18 kinaweka faini hadi ringiti 3,000, au kifungo hadi miaka 2, au vyote. Imeandikwa kwa mtu mwenye dini ya Uislamu, haikusema raia. Majimbo mengine yana sheria zao za namna hiyo.

Hayo yote mwambie, lakini linalofaa kumkalisha kitako ni la akaunti ya benki. Tovuti haramu haiwezi kufungua akaunti kwa jina lake, kwa hiyo hukodi za watu. Mwanafunzi mgeni ndiye anayetafutwa: ana akaunti mpya, na mwisho wa mwezi amekaukiwa. Huahidiwa mia chache za ringiti akabidhi kadi ya ATM, namba ya siri na laini ya simu iliyosajiliwa benki. Wenyeji huiita akaun keldai, yaani akaunti ya punda. Zikishapita humo fedha za kamari, mara nyingi zimechanganyika na za watu waliotapeliwa, na jina linaloonekana kwa polisi ni la mwanao. Mwaka 2024 Bunge lao liliongeza vifungu katika Kanuni ya Adhabu vinavyomlenga mtoa akaunti mwenyewe. Hata aliyeshinda kihalisi huingia humo, kwa sababu ushindi wake hulipwa kutoka akaunti ya mtu asiyemjua, na benki ikizuia, inaweza kuzuia ya mtumaji na ya mpokeaji.

Kama ameshaitoa, apige simu benki saa hiyo hiyo kadi ifungwe. Fedha ngeni zilizomo asizitoe, na asimrudishie mtu yeyote kwa mkono wake, aiachie benki. Ahifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp kabla mwenzake hajayafuta, aende kituo cha polisi akaandikishe taarifa na atoke na nakala, kisha aione ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni. Akiitwa kuhojiwa, auarifu Ubalozi wa Tanzania, uko hapo hapo Kuala Lumpur. Viza yake ya masomo nayo inaweza kufutwa, hata faini ikiwa ndogo.

Kutoka Amani, Unguja: Mtu akishinda na tovuti ikakataa kumlipa, anaweza kuishitaki kule?

Hawezi. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Mikataba ya Malaysia ya 1950 kinasema makubaliano ya kuwekeana dau ni batili. Na akienda polisi kulalamika, ameanza kwa kukiri.

Kutoka Mkoani, Pemba: Kaka yangu ameahidiwa kazi ya huduma kwa wateja katika kampuni ya michezo ya mtandaoni Kambodia. Wanasema ni halali huko.

Ilikuwa hivyo zamani. Agosti 2019 serikali ya Hun Sen, waziri mkuu wa wakati huo, ilisimamisha leseni za kamari ya mtandaoni, na zilizokuwapo hazikuongezwa muda. Ufilipino nayo, iliyokuwa ikizipa leseni kampuni zinazohudumia wachezaji wa nje, Rais Marcos alizipiga marufuku Julai 2024 na zikatakiwa ziwe zimefungwa kufikia mwisho wa mwaka huo.

Atazame viza. Ya kazi Kambodia huanzia daraja E, ikifuatiwa na kibali cha kazi. Akitumiwa ya T, hiyo ni ya utalii, na mwajiri anajua anachofanya. Adai mkataba wenye jina la kampuni na anuani kabla ya tiketi, amuulize wakala cheti cha usajili, kisha akipeleke Kamisheni ya Kazi kikahakikiwe. Wakimwambia pasipoti itakaa ofisini, au tiketi atakatwa kwenye mshahara, asipande ndege.